Mgomba wa Syabumi

Paukwa!

Pakawa!

Wa kule mlangoni sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sogezeni kuni ndani, hadithi hii ni ya mahali penye baridi.

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi zetu walizisikia tu, palikuwa na kijiji mteremkoni mwa mlima. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka juu ya mapaa. Ukitoka nje na kunyoosha mkono, vidole vyako huvioni. Juu ya kijiji, pale ambapo mashamba ya viazi yalikoma, palikuwa na ukuta wa mawe. Ndani ya ukuta waliishi watawa.

Kijiji hakikuwa na saa. Kilikuwa na kengele ya watawa. Ngwii! Ngwii! Jogoo bado anaota, watawa wameamka kusali. Ngwii! Ngwii! Wanawake wanapuliza moto. Ngwii! Jembe linawekwa chini, watu wanakula. Ngwii! Mbuzi wanarudi. Mbuzi nao waliijua kengele ile, hawakungoja fimbo.

Mkuu wa watawa aliitwa Mama Walburga. Alikuwa mfupi, mgongo umepinda, na mikono yake ilinuka nta kwa sababu alitengeneza mishumaa mwenyewe. Huyo ndiye ninayetaka tumkumbuke leo. Lakini nitaanza na mama mwingine, maana kilio kilikuwa chake.

Mama huyo alikuwa mjane, na alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, jina lake Syabumi. Watu walimwita mama huyo Mama Syabumi, na jina lake la usichana hakuna aliyelikumbuka tena. Syabumi alikuwa na sauti. Nasema sauti. Akisimama ng'ambo ya bonde akaita mbuzi, huuu-iya, mbuzi wa vijiji viwili walikuja, na wenye mbuzi wakaja nyuma yao kugombana.

Syabumi alipokua, wachumba walikuja akawakataa. Akasema, "Mama, mimi naitwa kule juu."

Mama akadhani ni mambo ya usichana. Akangoja yapite. Hayakupita. Siku moja akamsindikiza mpaka ukutani, na mlango ukafunguka, na mlango ukafungwa.

Sasa sikilizeni desturi ya nyumba ile. Siku ya kumpokea binti, walimlaza kifudifudi sakafuni mwa kanisa. Walimfunika kitambaa cheusi, kile kile cha kufunikia jeneza. Kengele ikapigwa polepole kama ya msiba. Kisha wakamwinua, wakamvika vazi, wakampa jina jipya. Kwao maana yake ni kwamba mtu wa zamani amelala na mtu mpya ameamka.

Lakini Mama Syabumi alikuwa amekaa upande wa wageni, nyuma ya kiwambo cha mbao chenye matundu madogo. Aliona mwanawe akilala. Aliona kitambaa cheusi. Machozi yakamziba macho. Alipoyafuta, watawa walikuwa wamekwisha kusimama kwa safu, wote kanzu moja, wote kitambaa kimoja kichwani, wote wamempa mgongo. Hakuona nani ameinuka.

Mtawa wa mlangoni akamwambia, "Hongera, mama. Sasa anaitwa Sista Ludgera."

"Kama yeye ni Ludgera," akasema, "mimi niitwe nani?"

Mtawa akacheka kwa aibu, akafunga mlango.

Mwanzoni kijiji kilimtania. Shemeji yake, Ambokile, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa bingwa wa utani.

"Shemeji," alisema, "huyu mkwe wetu wa mbinguni vipi? Wakwe wa wenzetu wanakuja kulima, wanaezeka nyumba. Wako hajaleta hata mzigo wa kuni."

"Mvua iliyonyesha jana unadhani ni ya nani?" akajibu Mama Syabumi.

Watu wakacheka. Naye akacheka. Lakini usiku kicheko hakimfuati mtu kitandani.

Kila Jumapili alipanda mlima. Akapanda, akapanda, na mlima haukupungua. Alikaa nyuma ya kiwambo akasikiliza watawa wakiimba. Upande wa kulia unaimba, unanyamaza. Upande wa kushoto unaimba, unanyamaza. Aliitafuta sauti ya mwanawe. Sauti iliyokuwa ikivuka bonde, itashindwaje kuvuka mbao? Akasikiliza Jumapili ya kwanza, hakuisikia. Akasikiliza msimu wa kupanda, hakuisikia. Akasikiliza msimu wa kuvuna. Zilikuwa sauti nyingi zilizokuwa sauti moja, na ya Syabumi haikuwemo.

Akamuuliza mtawa wa mlangoni, "Nimwone mwanangu."

"Yu mzima, mama. Siku zake za kuonana bado."

"Bado mpaka lini?"

"Bado, mama."

Akashuka. Jumapili nyingine akapanda, akapanda, na mlima haukupungua. "Bado, mama." Akashuka.

Neno likaanza kuota moyoni mwake kama kwekwe. Nilimwona akifunikwa. Sikumwona akiinuka. Kengele ilikuwa ya msiba. Sauti yake haipo. Siku moja akaacha kula. Siku nyingine akatandika mkeka sakafuni, akanyoa nywele, akakaa matanga peke yake.

Hapo Ambokile aliacha utani. Akaja, akachuchumaa mlangoni.

"Shemeji, nani amekufa?"

"Syabumi."

"Nani amekuambia?"

"Masikio yangu."

Wazee wa ukoo wakakaa. Hawakuwa watu wabaya, msiwafikirie hivyo. Walimhurumia. Katika kijiji kile na vya ng'ambo ya bonde, mtu akifia mbali na mwili wake usipatikane, walikata mgomba wenye kimo chake. Waliukosha, waliuvika sanda, waliuzika. Ndipo waliobaki wakapata kulala. Lakini mgomba haukuzikwa hovyo. Udongo wa kwanza ukishauangukia, mtu yule amekufa kabisa. Hata akirudi kwa miguu yake, hafunguliwi mlango. Watasema ni kivuli. Hata mama yake, akiitwa kwa jina la mtoto huyo, hataitika.

Ambokile akasema, "Shemeji, panda mara ya mwisho. Waambie wakupe mwanao, au wakupe mwili wake. Sisi tutaukata mgomba na kungoja. Jua likizama hujarudi naye, tutazika, upumzike."

Mama Syabumi akaondoka. Akapanda, akapanda, na mlima haukupungua. Akafika langoni akagonga kwa ngumi. Gu! Gu! Gu!

Safari hii mtawa wa mlangoni aliona kichwa kilichonyolewa, akakimbia kumwita mkuu. Mama Walburga akatoka, fimbo mkononi, akakaa kwenye benchi la mawe nje ya lango. Akapiga jiwe kwa kiganja, maana yake kaa.

Mama Syabumi hakukaa. Wala hakumwamkia.

"Leo hunipi hata shikamoo?" akauliza Mama Walburga.

"Shikamoo nitaitoa nikishajua naongea na nani. Nimekuja kumchukua mwanangu. Kama amekufa nipe mwili. Nyumbani wamekata mgomba."

Mama Walburga aliposikia neno mgomba, fimbo ikatulia. Akasema, "Mwanao hajafa. Asubuhi amepalilia vitunguu, na ameking'oa kitunguu akidhani ni nyasi. Nimemgombeza."

"Nimwone."

"Yeye ndiye aliyekataa."

Mama Syabumi akakaa bila kujua kuwa amekaa.

"Si kwa chuki," akasema Mama Walburga. "Alikuja kwangu analia. Akasema, 'Mama Mkuu, nikiuona uso wa mama nitaifuata kanga yake mpaka nyumbani. Nisaidie nisiuone mpaka moyo wangu utulie.' Akanisihi nisikuambie, aliona aibu. Nikamtii. Nilikosea. Mtoto akiona aibu, mkubwa ndiye anayepaswa kusema."

"Maneno nimeshayachoka. Kila Jumapili mmenipa maneno. Basi aimbe peke yake, nimsikie."

"Humu hakuna anayeimba peke yake. Sauti moja ikipanda juu ya nyingine, ninagonga ubao, tunaanza upya. Wa kwako alipokuja tulianza upya mpaka chakula kikapoa. Akiimba, madirisha yalitetemeka. Mwaka mzima nimemfundisha kuitia sauti yake ndani ya za wenzake."

"Umeiua."

"Nimeitia kama chumvi kwenye mboga."

"Chumvi naijua hata ikiwa ndani ya mboga," akasema Mama Syabumi kwa hasira.

"Unaijuaje? Inaonekana?"

"Haionekani. Lakini mboga ikikosa chumvi, mlaji wa kwanza anajua."

Mama Walburga akainuka kwa shida, magoti yakilia. "Ingia, kaa pale unapokaaga," akasema. "Sala ya jioni imekaribia. Sikiliza zaburi ya pili."

Ngwii! Ngwii! Mbuzi huko chini wakageuza njia. Watawa wakaingia kanisani, miguu yao ikisugua sakafu, shwa, shwa, shwa. Mama Syabumi akabandika sikio kwenye matundu ya kiwambo.

Upande wa kulia ukaimba, ukanyamaza. Upande wa kushoto ukaimba, ukanyamaza. Zaburi ya kwanza ikapita kama maji ya mfereji, haina mshono. Ikaja zaburi ya pili. Upande wa kulia ukaimba, ukanyamaza. Upande wa kushoto ukainuka.

Na Mama Syabumi akashtuka. Ilikuwa kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akakanyaga pale jiwe lilipokuwa kila siku, jiwe halipo. Watawa waliimba maneno yale yale, kwa kasi ile ile. Lakini katikati palikuwa na pengo. Pengo lenye upana wa mtu mmoja.

Kumbe sauti ile ilikuwemo. Jumapili zote ilikuwemo. Msimu wa kupanda ilikuwemo, msimu wa kuvuna ilikuwemo. Alikuwa ameisikia kila mara bila kuijua, na sasa imenyamaza ndipo akaijua.

Upande wa kulia ukajibu. Upande wa kushoto ukainuka tena, na pengo bado lipo wazi. Mama Syabumi alikuwa amekaa pale mwaka mzima, maneno alikuwa nayo kichwani. Kinywa chake kikafunguka chenyewe. Akaimba mstari ule. Hakuimba kwa nguvu, ila sauti ilikuwa ile ile ya bondeni, imekauka kidogo tu kwa uzee na njaa, maana huyo binti aliitoa wapi kama si kwa mama yake? Ikapita kwenye matundu ya mbao, ikaenda kukaa pale penye pengo.

Watawa wote wakaisikia. Mama Walburga akainua kidole cha kugonga ubao. Kidole kikabaki juu. Kisha akakishusha polepole, akakiweka mapajani. Siku hiyo peke yake, katika miaka yake yote, hakugonga.

Sala ikaisha. Mama Syabumi akatoka nje. Akamkuta Mama Walburga amesimama karibu na lango. Komeo la lango alikuwa amelitoa, amelishika mkononi.

"Nilimwambia anyamaze zaburi ile. Umesikia?"

"Nimesikia. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Naye amekusikia. Yuko nyuma ya mbao hizi. Amesema nikuambie hivi: ukimwita, atatoka."

Jua lilikuwa limeanza kuinama. Mama Syabumi akaliangalia lango. Lilikuwa limeegeshwa tu, mtoto mdogo angeweza kulisukuma.

"Kwa nini unaniachia mimi?" akauliza. "Wewe si ndiye mkuu?"

"Ukuu wangu ni wa kengele na mishumaa. Simshiki mtu mkono."

"Wewe mama yako alikuja kukuita?"

Mama Walburga akageuza uso upande wa bonde. "Nilisikiliza lango hili mpaka nikajua kila bawaba inavyolia. Hakuja mtu. Baadaye msafiri akaniambia kwetu walishazika mgomba. Kwa hiyo mimi, mwanangu, ni marehemu wa siku nyingi. Nikienda leo hawatanifungulia."

"Na kama wangekuja wakakuita?"

"Ningekwenda mbio, viatu ningeviacha humu. Halafu ningekaa kule chini nikiutazama mlima huu mpaka nife."

"Na sasa?"

"Sasa nakaa mlimani nikitazama kwetu."

"Kumbe hamu haina dawa."

"Sijaiona," akasema Mama Walburga. "Nimezeeka nikiitafuta. Nimeona tu kwamba mtu anaweza kuwa nayo na bado akapalilia vitunguu."

Mama Syabumi akasogea langoni. Nyuma ya mbao akasikia nguo ikigusa ukuta. Akasikia pumzi, pumzi ya haraka ya mtu aliyezuia kilio, pumzi aliyoijua tangu ilipokuwa ndogo ya kutosha kulala kifuani pake. Akavuta hewa. Akaijaza tumboni, kama wanavyofanya watu wa kwao wanapotaka kuita kitu kilicho ng'ambo ya bonde. Jina lilikuwa limefika mdomoni. Lilikuwa limefika kwenye meno.

Akalimeza.

Akaweka kiganja kwenye mbao, akakiacha hapo kidogo. Kisha akamwambia Mama Walburga, kwa sauti ya kusikika hata nyuma ya lango, "Mwambie asikae na miguu iliyolowa. Kifua chake si kizuri tangu utotoni. Na vitunguu, majani yake yana harufu, anuse kabla ya kung'oa."

Nyuma ya lango mtu akacheka na kulia kwa pamoja. Lango halikufunguka.

Mama Syabumi akageuka. Ndipo alipoliona jua. Lilikuwa limegusa kilele cha upande wa pili.

Akakimbia. Kijiji kizima hakikuwahi kumwona mjane yule akikimbia. Kanga imefungwa kiunoni, kichwa kitupu kinang'aa, mawe yanaporomoka mbele yake, poro, poro, poro. Mlima uliokuwa haupungui, siku hiyo ulipungua. Akapita mashamba ya viazi, akapita kisima, akaingia kwenye migomba nyuma ya nyumba yake.

Shimo lilikuwa limechimbwa. Mgomba ulikuwa ndani, umevikwa sanda, una kimo cha binti. Wazee wamesimama kando. Ambokile ameshika udongo mkononi, mkono uko juu ya shimo.

"Shemeji!"

Mkono ukasimama.

"Mwanangu hana kaburi," akasema Mama Syabumi, anahema. "Utoeni."

"Umekuja naye?" akauliza Ambokile.

"Sikuja naye."

"Umemwona?"

"Sikumwona."

"Umesikia akiimba?"

"Nimesikia akinyamaza."

Wazee wakatazamana. Mmoja akanong'ona kuwa njaa imemfika kichwani. Ambokile hakunong'ona. Akamtazama shemeji yake machoni, udongo ungali kiganjani.

"Shemeji, niambie neno ninaloweza kulielewa. Mkono unachoka."

"Maiti haiachi pengo kwenye wimbo wa leo," akasema mama. "Anayekosekana leo ni yule aliyeimba jana. Nimelikuta pengo lake, lina joto, nikaketi ndani yake. Usiniulize zaidi. Utoe mgomba huo, ng'ombe waule."

Ambokile akautupa udongo nyuma yake, mbali na shimo. Akapangusa mkono kwenye suruali.

"Basi," akasema, "nimechimba bure na mgongo unauma. Na mkwe wako huyo hajaja hata kunisaidia kufukia."

Mama Syabumi akacheka, halafu akakaa chini pale pale kwenye udongo, akalia sana, na wanawake wakamzunguka. Ng'ombe wakala ule mgomba, sanda ikafuliwa, ikafungiwa viazi.

Mtaniuliza, je, walionana? Walionana. Si mwaka ule, wala si uliofuata. Siku moja ya ukungu Syabumi akatoka langoni kwa miguu yake, bila kuitwa na mtu, akamkuta mama yake kwenye benchi la mawe.

"Mama, umekonda."

"Na wewe umenenepa. Wanawalisha nini humo?"

Wakakaa bega kwa bega, wakazungumza habari za mbuzi. Kengele ikalia. Syabumi akainuka, mama akainuka. Mmoja akaingia, mmoja akashuka. Wote wawili waligeuka nyuma, lakini ukungu ulikuwa mzito, hakuna aliyemwona mwenzake akigeuka.

Watu wa kijiji kile, wakimkumbuka Mama Walburga, hawasemi alikuwa mpole wala hawasemi alikuwa mkali. Wanasema, yule alitoa komeo, akalishika mkononi, akangoja.

Basi nanyi mlio hapa, mshike hili. Usimzike mtu aliye hai kwa kuwa tu macho yako hayamwoni. Na umpendaye, usimfunge.

Hadithi yangu imefika langoni, nami naishia hapo. Aliye na yake apulize moto, aanze.